Avoka za Masika

Butembo, siku ya tano, mangaribi

Mais ni namna gani mutu anakunywa chai hapa kwetu na kulala Kinshasa siku ileile? Simu inasema, kutoka uwanja wa ndege wa Beni mupaka ule wa Kinshasa ni zaidi ya kilometa elfu moja na mia sita. Masaa tatu hivi hewani, tu.

Mama alikataa kuamini. Zamani marehemu Baba alipelekaka maharagi kule kwa camion, gari kubwa ya mizigo, kiisha kwa mashua: mwezi muzima. Donc jana, wakati dada yangu Masika alienda kwa bwana yake Kinshasa, Mama alimuchumia avoka nguvu kama majiwe, juu zisioze njiani. Nilimuambia ni siku moja. Akanifukuza.

Leo Masika amepiga simu. Amefika muzuri, barabara ya Beni ilimuchosha kupita ndege.

Mama hakuuliza habari ya bwana. "Na avoka?"

"Mama, zingali majiwe!"

Nilikuwa tayari kumucheka. Lakini alipangusa macho na kitenge, akasema pole pole:

"Kumbe haiko mbali."