Usukani Uliomtumia Baba

S.L.P. 219
14 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, ulimi haujambo kabisa. Baba anakula, analala, ananyoa ndevu kila asubuhi. Ila haendeshi tena gari, na hilo ndilo lililonikalisha chini kukuandikia.

Unalijua lile gari lake la spoti, jekundu, la milango miwili, alilolinunua kabla hatujazaliwa. Usukani wake haukuwahi kuwa mwepesi, lakini aliumudu miaka yote, na kila Jumamosi alimpeleka Mama sokoni. Tangu mwezi wa nane ukawa mzito ajabu. Kutoka uani tu anatweta, na vidole vyake vile vilivyovimba viungo. Mwezi uliopita alishindwa kukata kona ya duka la dawa, akapanda ukingo wa barabara mbele ya watu. Akarudi, akatundika funguo msumarini, akasema, "Basi. Nimezeeka." Hajaligusa tena neno hilo wala funguo.

Wajuaji wakajitokeza. Wa kwanza shemeji yako, mume wangu, mtu ambaye hata baiskeli akiiegemeza ukutani inaanguka. Alimnunulia Baba mpira wa kuminya ili akaze misuli. Mzee wa miaka sabini na sita! Sasa anauchezea paka.

Akaja fundi, yule tunayemwita Profesa kwa sababu ya miwani. Alilizunguka gari mara tatu, akakohoa. "Hapa dawa ni kufunga mota ya kusaidia usukani. Bila hiyo mtahangaika bure." Nikamuuliza kama amepima upepo wa matairi. "Mama, hii ni kazi ya kitaalamu," akanijibu. Nikapima mwenyewe. Ya mbele yalikuwa na nusu ya upepo unaotakiwa. Nikavaa gauni bovu, nikalala chini ya gari na bomba la grisi, maana viungo vya magurudumu vilikuwa vikavu kabisa. Mtaalamu alinishikia tochi.

Ikawa nafuu, lakini si ya kumtosha Baba. Hapo ndipo nilipoutazama usukani wenyewe.

Ni wako. Ule mdogo, mweusi, wa ngozi, wa magari ya mashindano, uliomtumia mwezi wa nane na kikadi "Kwa dereva bora". Ulijua nini wewe kuhusu usukani? Uliona unang'aa dukani, ukalipa, ukajiona mwana mwema. Usukani mpana ndio unaompa mtu nguvu, kama spana yenye mpini mrefu. Wewe ulimkatia Baba mpini. Na siku usukani huo ulipofungwa garini tulipiga makofi wote, mimi nikiwa wa kwanza, mpumbavu mwenzako.

Ule wa zamani, wa mbao, mpana kama sinia, ulikuwa juu ya kabati, umeviringishwa shuka. Niliushusha, nikaenda nao garini na spana mkononi. Baba akaninyang'anya spana. "Usiuguse huo. Mwanangu alinikumbuka kule aliko." Nikamweleza habari ya mpini. Kumbe anajua! Alijua tangu siku ya kwanza. Amekubali kuitwa mzee kuliko zawadi yako kufunguliwa.

Miaka sita hujatia mguu hapa. Unatuma viatu visivyomtosha, unatuma saa, unatuma usukani. Mchana Baba huenda kuketi garini, mikono juu ya zawadi yako, injini imezimwa. Mama huenda sokoni kwa miguu, na goti lile. Nimekudharau, sikufichi.

Sasa nisikilize. Usitume kitu. Andika kwa mkono wako mistari miwili, umwambie aufungue usukani wako, akutunzie kabatini mpaka uje. Mimi hanisikii. Kisha uje.

Mama anakusalimu sana, na shemeji yako pia. Wabusu watoto. Mungu akulinde na akuzidishie akili.

Dada yako, anayekupenda huku ameuma meno.

N.B. Ule wa mbao nimeupangusa vumbi, uko mezani. Spana bado anayo Baba mfukoni, na kila siku ananiuliza kama kuna barua.