Kanga Zako Nimezianika Mbele

Mama Hudhaifa,

Nimekwenda bandarini Wesha kupakua mizigo, nitarudi baada ya alasiri. Muhogo wa nazi umo sufuriani. Usiliinue sufuria mwenyewe, mkono wako uliovunjika bado haujaunga. Mngoje Hudhaifa atoke skuli akupakulie. Dawa unywe ukishakula.

Nguo nimefua zote, pamoja na kanga zako. Nilikaa na beseni mbele ya nyumba kwa sababu jua la asubuhi huanzia huko. Povu likapanda, mikono ikawa inakwenda peke yake, nikamuona marehemu mama kwenye ua wa watu kule Jadida, akisuuza mashuka yao na kuimba chini kwa chini. Sikujua kama nafua au naota.

Sauti ya Mzee Badar kutoka barazani kwake ndiyo iliyonizindua. "Bakari, siku hizi umeolewa?" Wenzake wakacheka. Hudhaifa alikuwa mlangoni na mkoba wake. Akaniambia polepole, "Baba, kaanike nyuma." Akaondoka bila kuniaga. La Mzee Badar halikuniuma. Hilo la Hudhaifa liliniuma.

Nikalibeba beseni mpaka nyuma, nikasimama kivulini na nguo zinachuruzika maji. Kisha nikarudi nalo mbele, nikazianika moja moja. Upepo ukazijaza, zikapaa kama zina watu ndani.

Hudhaifa, mwanangu, ~~uzianue kabla watu hawajatoka msikitini~~ la, ziache mpaka zikauke. Ukiulizwa nani kazifua, sema ni baba yako.

Baba