Chatu wa Stephania Ameatamia

Simbo, 18 Novemba 1973

Mwanangu Leonia,

Mwakeye, mmeamkaje huko Tabora? Mume wako hajambo? Na huyo aliye tumboni anaendeleaje? Mimi nipo, ila magoti yananichokoza mvua ikianza.

Mama yako tumemzika vizuri. Usijilaumu kwa kutokuja; daktari akisema ulale, lala. Neno lake la mwisho alisema, "Feliksi, siafu wasile mayai ya chatu wangu." Miaka yote hiyo ya ndoa, naagwa kwa habari za nyoka!

Unamjua huyo chatu, mama yako alimlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya mbuzi, amalize panya wa ghalani. Sasa ameatamia kwenye kibanda cha mahindi. Hali, hasogei. Kila jioni mama yako alikuwa akimwaga jivu kumzunguka ili siafu wasivuke. Lakini desturi ya ukoo wetu unaijua: jivu la nyumba yenye msiba halitoki nje mpaka matanga yaanuliwe. Shangazi yako Melania amekaa jikoni kama askari. Na siafu nimeshawaona migombani.

Nifanyeje, mwanangu?

Baba yako

Tabora, 27 Novemba 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole tena. Sisi wazima, ila usingizi sina.

Mama aliomba jambo moja tu. Toa hilo jivu, baba! Shangazi akinuna, mwambie ni mimi niliyekutuma, lawama nitabeba. Usithubutu kumwaga mafuta ya taa wala ile dawa ya unga ya mbu. Mama alikuwa akisema vitamuua chatu mwenyewe kabla ya siafu.

Wako mtiifu,
Binti yako Leonia

Simbo, 6 Desemba 1973

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako ilikuta mambo yamekwisha kujifanya yenyewe.

Mimi sikuthubutu, nakwambia kweli. Asubuhi moja nikaenda kibandani nikiwa nimejiandaa kukuta mifupa. Nikakuta duara la jivu, laini, limechekechwa kama alivyokuwa akilichekecha mama yako. Siafu wamejaa upande wa nje mpaka ardhi imekuwa nyeusi, hakuna hata mmoja aliyevuka. Nikamwendea Melania kumshukuru. Alinitazama, akanishika mkono, akanipeleka mekoni. Jivu limejaa mpaka juu ya mafiga, halijaguswa. Tangu hapo Melania amerudi kwake, hataki hata kusikia habari zetu.

Duara huwa jipya kila kukicha. Naogopa, Leonia, na nafurahi, wala sijui kipi kimezidi. Nimeanza kumsalimia mama yako nikiingia kibandani.

Lingine: mwenyekiti Oswald ametangaza wote tuhamie kijiji kipya, barabara ya Kidahwe. Nimemwambia mayai ya chatu ukiyageuza yanakufa, kwa hiyo sitoki. Alicheka, kisha akaona sicheki.

Baba yako

Tabora, 15 Desemba 1973

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi.

Hama, baba. Huku kuna watu waliokataa kuhama, wakaezuliwa nyumba wakiwa ndani. Mama amekufa, wewe u hai, na mjukuu wako yuko njiani. Nakupigia magoti. Nimeshampoteza mmoja, usinifanye nipoteze wawili.

Leonia wako

Tabora, 20 Januari 1974

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Nimejifungua salama, mtoto wa kike. Tumempa jina la mama. Nijibu hata neno moja.

Leonia

Kijiji kipya, 10 Februari 1974

Mwanangu, mama wa Stephania,

Hongera sana. Barua zako zote mbili nimezipata pamoja kwa Oswald.

Mgambo walikuja wakaezua nyumba. Niliketi kibandani nimeshika mkeka juu ya chatu, mvua ikitunyeshea sote. Oswald, Mungu ambariki, aliwaambia waniache nimalize uchizi wangu. Mayai yakaanguliwa. Vitoto vikaingia majanini, na mama yao akavifuata bila kuniangalia. Nilikaa nikalia. Halafu vijana wakanipakia kwenye lori na vyombo vyangu.

Nyumba hapa zimepangwa mstari, majirani wema, maji yako karibu. Lakini asubuhi nikiamka nasikiliza kama mama yako yupo, na hakuna kitu. Mwanzoni nilidhani kazi yake imekwisha, amepumzika. Juzi ndipo akili ikanijia. Kwetu mtu akihama, huenda kaburini akawaaga wake, akawaeleza njia na mahali anapokwenda. Nami kwa zile purukushani za lori nilisahau. Mama yako hajui tulikokwenda. Yuko kule peke yake, nyumba haina paa, chatu hayupo, mimi sipo, na hakuna aliyemwambia kitu.

Kesho naenda kumwambia. Nitarudi jioni.

Baba yako

Tabora, 24 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Oswald ameniandikia kwamba hukurudi. Walikwenda kule kukutafuta wakaita mpaka sauti zikawakauka. Anasema nikubali, niweke matanga. Nimekataa.

Jumamosi napanda treni na mtoto. Barua hii nimemwomba Oswald aifikishe kule Simbo, aisome kwa sauti, kisha aiache kaburini. Nami nawaeleza njia, wewe na mama, kama inavyotakiwa: mkitoka Simbo shikeni barabara ya Kidahwe, nyumba ya baba, Oswald kanielekeza, ni ya mwisho upande wa ziwa. Nitalala humo, na mlango sitafunga.

Njooni wote wawili mumwone mjukuu wenu.

Binti yenu,
Leonia