Miaka Hamsini na Tisa Bila Nyama

Jumapili, 2 Novemba 1975

Mimi Lugembe nina miaka themanini. Labda themanini na mbili, aliyehesabu amekufa. Mjerumani ameondoka nikimwona. Mbeligiji naye. Mwingereza naye. Nimeishi kuliko mtemi wetu, kuliko nzige wa mara mbili, kuliko mke wangu Nyamizi na meno yangu yote ila manne. Na nyama sijaila tangu vita ya Mjerumani. Miaka hamsini na tisa! Nani mwingine, Tura mpaka Tabora? Hakuna.

Daftari nimepewa na mwalimu Imakulata wa kisomo. Kasema, babu, usipoandika herufi zitakukimbia. Mimi hazinikimbii. Lakini naandika.

Leo ugomvi. Amne, mke wa mwanangu, kapika maharage na mfupa wa ng'ombe. Kautoa mfupa, kanipakulia. Baba, nyama nimeitoa yote, kula tu. Nikanusa. Nikamwuliza, na kilichotoka ndani ya mfupa umekitoa kwa kitu gani, kwa kijiko? Mchuzi ni nyama iliyoyeyuka. Nimesema na sirudi nyuma. Nimekula ugali kwa chumvi.

Nyamizi asingefanya hivyo. Alikuwa na chungu changu peke yake, anakifunika kwa kawa. Mwiko wa nyama ukikigusa, anakipasua, anafinyanga kingine. Cha mwisho kilivunjika kwenye lori mwaka jana, siku tulipohamishiwa kijiji hiki kipya. Niliokota kigae kimoja. Ninacho.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua ya kwanza jana, kumbikumbi wametoka. Nimekula sahani nzima ya kukaangwa. Masolwa akaniona toka barazani kwake. Nyumba za kijiji hiki zimepangwa kama mataruma ya reli, yeye mbele yangu, hakuna siri. Ni Msukuma, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu. Anitukane, nimtukane, hakuna kukasirika. Tena tulikuwa pamoja vitani.

Akapaza sauti — Mtani! Hao wana damu au wana uji?

Wana mabawa, nikamjibu.

Na kuku ana nini?

Watu wakacheka. Akaona kapata uwanja. Samaki je? Nakula. Na majana kwenye sega la asali, wale watoto weupe wa nyuki? Nakula, matamu.

Lo! Anameza watoto wa wenzake, halafu mbuzi mzima anamwonea haya!

Nikasimama nikampa sheria yangu mbele ya wote. Kilichotembea njia moja na mtu, kwa miguu yake, sikili. Ng'ombe katembea. Mbuzi katembea. Kuku hufuata watu akidonoa. Samaki hajamfuata mtu, na kumbikumbi anakwenda zake juu. Basi.

Akafikiri. Akasema, na chawa? Si alitembea na wewe mpaka pwani?

Nikamtukana ukoo mzima. Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, mwanawe Wenceslaus akamshika mgongo. Kikohozi hicho sikipendi.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua. Nimekaa ndani nakumbuka njia.

Kabla reli haijafika nilikwenda pwani mara mbili na baba. Baba alikuwa mpagazi wa pembe, bega lake lilikuwa na sugu kama kwato. Tukirudi tunavuka Mgunda Mkali, pori bila maji, siku nyingi mno, na tukitokea Tura bunduki zinapigwa hewani — pa! pa! — wanawake wanatoka na vigelegele na pombe ya mtama. Ule mnuko wa moshi wa Tura! Siku hizi treni inapita hapo watu wamelala, hata hawajui wamefika nyumbani.

Na punda wetu. Jike. Wapagazi walimwita Bi Mkubwa, sababu haharakishwi na mtu. Akichoka kachoka, msafara mzima unangoja. Nilimwongoza mimi. Nikilala, pua yake iko begani kwangu.

Vita ilipokuja Mjerumani akatuchukua tumbebee mizigo, mimi, Masolwa na Bi Mkubwa. Tukatoroka na wapagazi wengine katikati ya Mgunda Mkali. Siku kumi na moja kurudi Tura. Siku ya nne wenzetu wakamchinja. Sikumla! Waliniwekea ini mkononi nikalitupa mchangani. Nikaapa hapo hapo. Nilitembea kwa asali tupu ya kwenye kibuyu. Homa ilinipiga, macho hayakuona, nikafika. Siku kumi na moja kwa asali! Nimewasimulia wakubwa wa serikali, wakavua kofia.

Jumatatu, 10 Novemba

Masolwa hainuki. Nimekwenda kumwona. Nikamwambia, kufa basi, tupate nafasi ya kulala. Akacheka kidogo.

Kisha hakucheka. Kasema, mtani, siku yangu Wenceslaus atachinja dume langu jekundu. Wewe ndiye utakayeonja kwanza.

Kwao iko hivyo. Siku ya kufunga matanga mtani huonja kwanza ndipo watu wanyooshe mikono. Asipoonja, msiba haujafungwa. Mjane hatoki ndani, watoto hawagusi jembe. Na mtani wa rika lake hapa nimebaki mimi tu.

Nikamwambia, unajua siwezi. Kasema, najua unavyojua. Sikumwelewa.

Jumatano, 12 Novemba

Sijalala vizuri. Nikikataa, msiba wake unabaki wazi kama mlango. Nikila, mimi ni nani? Nina nini kingine? Wengine wana ng'ombe. Mimi nina kiapo.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimetoka kwa Masolwa.

Masolwa kamwambia Wenceslaus atoke nje. Kasema, asali ilikwisha siku ya tano.

Nikasema, mwongo.

Kasema, siku ya saba ulikuwa hufumbui macho. Walitaka kukuacha. Nilikunywesha kwenye kile kibuyu. Ulisema, Masolwa, asali hii imechacha. Nikasema, ndiyo, imechacha. Ulikuwa mchuzi wa Bi Mkubwa, nilichemsha mifupa. Siku nne.

Nikamwuliza mbona umekaa nalo. Kasema, ulivyokuwa unajisifu! Mtu atakatishaje raha kama hiyo?

Na Nyamizi?

Nilimwambia mwaka ule ulipomwoa. Alicheka, halafu akalia. Kasema, mwache na chungu chake, chungu si kazi.

Nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 15 Novemba

Sikwenda kwake. Mlango wake nauona toka hapa. Nimeshika kile kigae. Miaka yote Nyamizi alifinyanga, akijua.

Jumapili, 16 Novemba

Sikwenda.

Jumatatu, 17 Novemba

Masolwa amekufa alfajiri. Nilikuwa nimeshavaa kanzu niende.

Jumapili, 23 Novemba

Matanga. Niko uwanjani kwa Masolwa, daftari pajani. Wananitazama ninavyoandika. Waache. Mambo haya nataka yaandikwe yakiwa moto.

Dume jekundu limechinjwa. Sufuria tatu. Hakuna aliyegusa. Watoto wanameza mate. Mjane kakaa mlangoni na kaniki yake, hanitazami, ananingoja.

Kwanza nilimtukana marehemu kama inavyotakiwa. Nikasema alikuwa mwoga, mla chawa, kafa ili asilime shamba la kijiji. Watu wakacheka.

Wenceslaus kaja na bakuli, kapiga goti. Kijana ana adabu kuliko baba yake. Kaninong'oneza — Babu, shikamoo. Marahaba. Babu, tunajua kiapo chako. Onja mchuzi tu. Mchuzi si nyama, tumekubaliana wote.

Wamekubaliana wote! Wamefanya na mkutano!

Amne akainamisha kichwa. Yeye anakumbuka maharage.

Hapo njia ilikuwa nyeupe. Niseme mchuzi si nyama, basi Mgunda Mkali sikula kitu, kiapo kizima, msiba unafungwa, narudi nyumbani na sifa zangu zote. Neno moja tu. Nimelizungusha mdomoni. Ni tamu kama majana.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti wasikie mpaka stesheni — Mchuzi ni nyama. Nilisema, sirudi nyuma. Na huu si wa kwanza kwangu.

Mwalimu Imakulata kasogea karibu asikie.

Wenceslaus akasogeza bakuli. Nikasema, siyo hilo. Leteni kibuyu changu, kile cha Mgunda Mkali.

Amne amekimbia nyumbani kukitafuta. Kiko juu ya dari, nyuma ya mapipa ya mtama, nilimwelekeza. Mjane kanyanyua uso. Mara ya kwanza leo. Mchuzi unapoa, mafuta yanaanza kuganda pembeni. Unanukia... sikumbuki unanukia nini. Nakumbuka.

Atakayebisha kwamba mambo yalikwenda hivi amwulize Amne, maana anakuja pale, kibuyu mkononi. Amwulize Wenceslaus, bado kapiga goti. Amwulize mwalimu Imakulata, ndiye aliyenifundisha herufi hizi. Na wa kuulizwa kwanza kabisa ni yule aliye chini ya udongo mpya, lakini huyo anajua kunyamaza. Alininyamazia miaka hamsini na