Pigo la Kwanza

Buhongwa,
Mwanza.
7 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Songea, na kwamba goti limekubali dawa. Evelina aliniambia kwenye simu kuwa sasa unatembea hadi kanisani bila fimbo, nikafurahi sana. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kushoto ambao huuma kila mvua inapokaribia, na mwaka huu imekaribia mara nyingi bila kunyesha.

Nimechelewa kukuandikia, lakini si kwa kukusahau. Kila nilipokaa mezani niliona kwamba nitakayoandika yatamhusu Kashindye, na wewe ndiye uliyembeba mgongoni akiwa mtoto, mama yenu alipokuwa shambani. Najua umeshasikia mengi kutoka nyumbani. Naomba usikie na kwangu, tangu mwanzo, halafu uamue mwenyewe.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Ninachunguza vinasaba vya watu wa kandokando ya ziwa: Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wajaluo, Wahaya. Katika mate ya mtu mmoja mna habari za vizazi vingi sana. Wamo wawindaji waliokuwa hapa kabla ya jembe, wamo wakulima waliotoka magharibi, wamo wafugaji walioshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mtu mzima anayekunywa maziwa bila kuumwa tumbo, mara nyingi amerithi uwezo huo kwa wafugaji wale. Wote hao waliwahi kukutana, wakapigana, wakaoana, na hesabu yake tunatembea nayo mwilini. Mimi kazi yangu ni kuisoma.

Mwaka 2022, mwezi wa nne, nilianza na kijiji chetu kule ng'ambo ya Magu. Baba mdogo Kashindye alikuwa kamanda wa sungusungu, na neno lake lilitosha. Alikuwa wa kwanza kutema mate kwenye kichupa. Aliniuliza, "Mate yangu yatakuambia nini ambacho baba yako Yeremia hawezi kukuambia?" Watu wakacheka. Wa pili alikuwa mwanawe Masele, kijana wa miaka ishirini na mbili. Alicheka mpaka mdomo ukakauka, ikabidi tumsubiri. Niliwaahidi kwamba nitarudi na majibu, kwa sababu watafiti wengi huchukua na hawarudi.

Mwezi wa sita Masele alifariki. Alitapika na kuharisha siku tatu, akaisha. Mimi nilikuwa maabara Nairobi. Nilituma rambirambi kwa simu, nikaendelea na kazi. Sikwenda msibani, Shangazi. Sikwenda hata baada ya kurudi Mwanza. Mtu yeyote akikuambia kwamba sina kosa katika habari hii, mwambie nimekiri mwenyewe.

Wiki mbili baadaye akafa bibi mmoja ambaye naye alitoa mate. Hapo maneno yakaanza: mate yanauzwa, anayeyatoa anakauka kidogo kidogo. Mwenyekiti wa kijiji alinipigia akaniomba nisubiri hadi watu watulie. Nilimjibu kwamba naenda kwetu, nani atanizuia.

Tulikwenda Jumanne moja ya mwezi wa saba, mimi na dereva wangu Nestory. Hukuwahi kumwona. Alikuwa Mhaya wa Muleba, mtu mrefu, mpole, aliyependa kuimba nyimbo za kwaya akiendesha. Alikuwa na mke, Rose, na watoto wawili. Nyuma ya gari tulikuwa na karatasi za majibu na boksi la vichupa vipya. Tulifika saa nne asubuhi.

Hatukuwa hata tumezima gari niliposikia mwano. Unaukumbuka ule ukelele unaopigwa ng'ombe wakiibwa, boma moja likipokea kutoka boma jingine. Niliusikia ukitoka kwenye majaruba ya mpunga, ukapanda mlimani, ukashuka upande wa pili. Nilidhani kweli kuna wezi wa ng'ombe. Nikageuka kutazama wanakimbilia wapi, nikaona wanakimbilia kwetu.

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele. La pili lilinipata begani. Walikuwa na fimbo, mapanga, wengine shoka, na wanawake walikuwemo, wengine walionipikia siku ya ubarikio wangu. Mtu mmoja aliingiza mkono dirishani akanivuta nywele. Nestory alisema, "Dokta, kaa chini, nitaongea nao." Alifungua mlango akashuka, mikono juu.

Nilimwona Baba mdogo Kashindye akipita katikati ya watu, nao wakimpisha. Nilishukuru Mungu. Nilifikiri amekuja kuwazuia. Alifika mbele ya Nestory, hakuuliza kitu. Alinyanyua rungu kwa mikono miwili akampiga kichwani, hapa juu ya sikio. Mlio wake siwezi kukuandikia. Nestory alipiga magoti, na wengine wakamshukia kama watu wanaopura mpunga.

Mimi walinivuta miguu wakanitoa garini. Nilifunika kichwa kwa mkono, fimbo ikavunja mkono, nikauona umekunjika pasipo na kiwiko. Panga lilinipita mgongoni. Halafu mtu akaniokota akanitupa begani kama gunia, akakimbia nami. Alikuwa Kashindye. Aliniingiza nyumbani kwake, akasimama mlangoni na panga, akawaambia kwa Kisukuma, "Huyu ni damu yangu. Anayemtaka aanze na mimi." Mmoja alijaribu. Kashindye alimkata mkononi, na wengine wakarudi nyuma.

Nikiwa sakafuni nilimsikia Nestory. Alikuwa bado hai. Aliita, "Dokta, waambie. Waambie mimi nani." Aliita mara tatu. Kisukuma alikuwa hajui, alinitegemea mimi. Sikufungua mdomo, Shangazi. Niliogopa kwamba wakinisikia watakumbuka kwamba nipo. Baadaye nikasikia petroli ikilipuka na harufu ikaingia ndani, nikajua wamechoma gari na hawakumtoa karibu nalo.

Polisi walifika saa nane. Walikamata watu kumi na tisa, na kipigo kilikuwepo tena, safari hii cha virungu vya serikali, mpaka kwa vikongwe. Kashindye hakukimbia. Walimkuta ameketi kwenye kigoda, rungu kando yake.

Nililazwa wiki tano. Rose alikuja siku ya nane. Alikaa kwenye kiti, akaniuliza swali moja tu: "Nani alianza?" Nilimwambia sikumbuki. Aliinuka akaondoka.

Kesi ilichukua miaka mitatu, na miaka hiyo yote nyumbani walikuwa na ombi moja. Niseme kulikuwa na vumbi. Niseme niliona watu wengi, sura sikuzitambua. Bila mimi hapakuwa na shahidi wa pigo la kwanza, kwa sababu kijiji kizima kilisema hakikuwepo. Baba alinifuata hapa Buhongwa, akakaa siku mbili bila kula chakula changu. Siku ya tatu aliniambia, "Alikubeba begani. Wewe utamvika kitanzi?"

Nikamwambia, "Baba, Nestory aliniita mara tatu."

"Nestory si mtoto wa mtu ninayemjua," alisema.

Hapo ndipo nilipoamua kusema. Sikuamua kwa hasira. Niliona tu kwamba neno lile ndilo lililomuua Nestory, na kwamba hata mimi nililitumia siku ile, pale nilipokaa kimya ndani ya nyumba ya ndugu.

Wengine hawakuishia kwenye maneno. Mwezi wa nne mwaka huu walirusha jiwe likapita dirishani likaangukia kitandani. Wiki iliyofuata nilimkuta mbwa wangu barazani amechinjwa, kichwa kimeelekezwa mlangoni. Nilimfukia mwenyewe kwa mkono mmoja na nusu.

Nilitoa ushahidi mwezi wa saba. Mahakama ilijaa, upande mmoja wetu, upande mmoja Rose na shemeji zake kutoka Muleba. Wakili wa Kashindye alikuwa mtu makini. Aliniuliza, "Shahidi, wewe ni mtaalamu wa undugu. Mshtakiwa ni nani kwako?"

"Ni baba yangu mdogo."

"Siku ile nani alikuokoa?"

"Ni yeye."

"Angetaka kuua, angekuacha?"

Nilijibu kwamba mimi aliniacha kwa kuwa ni wa kwao, na Nestory alimpiga kwa kuwa si wa kwao. Nikaeleza pigo, mkono, rungu, sehemu ya kichwa. Sauti haikutetemeka, na hilo linaniumiza zaidi kuliko kama ingetetemeka. Mama mmoja wa kwetu alinitemea mate nikipita. Askari alimtoa nje.

Jaji alisema mauaji hayakupangwa, na kwamba mshtakiwa alikuwa amechanganyikiwa na msiba wa mwanawe. Hakumpa kifo. Alimpa miaka kumi na nne; wengine wawili kumi kila mmoja. Baba mdogo ana miaka hamsini na tisa, hesabu unaiweza. Rose hakulia wala kushangilia. Alikuja akanishika ule mkono mbovu, akasema, "Sasa umekumbuka." Kisha wakapanda basi la Bukoba.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda gerezani. Sikutegemea kwamba atakubali kuniona, lakini alikuja. Amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Wafungwa wenzake walimpiga wakigombea blanketi. Nilimwambia kuhusu msiba ambao sikuuhudhuria, nikamwomba radhi. Aliniuliza, "Mate ya Masele bado yapo?"

Nilimwambia yapo, kwenye friza, yana namba yake.

"Na mle ndani yupo? Yeye mwenyewe?"

Ningeweza kumpa jibu la darasani. Nilimwambia, "Nusu yake ni wewe, nusu ni mama yake. Na jinsi mlivyochanganyika mle, hajawahi kuwepo mwingine."

Aliinamisha kichwa. Alipoitwa kurudi ndani, alisema bila kugeuka, "Usiyatupe."

Siku hizi sikusanyi tena. Nimebaki na kazi ya maabara, na chuo kimeniambia nipumzike kadiri ninavyotaka. Ila majibu ya kijiji kile niliyaandika upya kwa Kisukuma, nikampa mwenyekiti, kwa sababu niliahidi. Sijui kama ameyasoma kwa watu au ameyachoma.

Baba hapokei simu yangu. Katika ukoo wewe ndiye mkubwa aliyebaki, na najua watakuuliza wanifanye nini. Sikuombi unitetee. Kashindye ni wako kabla hajawa wangu, na ukimlilia utakuwa na haki. Nakuomba kitu kimoja: ukiamua kutoniandikia tena, niandikie kwanza kuniambia hivyo, kwa mkono wako, nisikae nikingoja.

Nisalimie sana Evelina na mumewe, na Obedi akirudi kutoka Mbinga. Mbusu Kija mdogo. Nasikia ameanza kusoma na anasahihisha Kiswahili cha mama yake. Mungu akulinde goti na moyo, akupe usingizi, na asikuache wewe uchague kati yetu sisi wawili.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye leo kama zamani,

Bernadeta