Tete la Chumbani

Baba watoto,

Sisi wazima, ila usingizi ndio haba. Mdogo ameanza kutambaa, hakuna asichokishika.

Kibarua cha kurudisha kinamasi kinaendelea. Mifereji uliyochimba na kaka zako kukausha bonde tumeiziba yote, na matete niliyopanda sasa yananipita kimo. Msimamizi hunitania: "Mama, mkono wako una baraka!" Nacheka, lakini maji yanarudi kwao, nasi tulijenga hukohuko.

Uliniambia nisihame, sakafu ni ya saruji. Leo nimemkuta mdogo akivuta jani bichi chini ya kitanda chetu. Tete limepasua sakafu. Hilo sikulipanda mimi.

Usinikasirikie. Kesho nawapeleka watoto kwa mama yako. Ufunguo nauacha mlangoni. Anayekuja kutoka chini hangoji kufunguliwa.

Mimi, mama wa wanao.