Mama Aliniambia Ningoje Nje

Jumatano

Mama amelala chumba cha pili na mpaka sasa sijui anaumwa nini.

Wiki nzima amekuwa akisema ni tumbo tu. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu wa uuguzi kwamba mwanamke wa umri wake akisema tumbo, usiishie hapo, uliza zaidi. Nimekula mshahara miaka yote hii nikitafiti mambo ambayo wanawake huona aibu kuyataja. Lakini kumuuliza yeye nilishindwa. Ningeanzia wapi? Ni mama yangu.

Leo nikampeleka kliniki huko Hurlingham. Muuguzi aliyetupokea ni Achieng, niliyemfundisha mwenyewe. Nikaingia nao, nikavuta kiti. Mama akanikazia macho.

"Wambui, ngoja nje. Hii si maneno ya watoto."

Watoto, na mvi zote hizi!

Walikaa sana. Kupitia mlango nilimsikia Mama akiongea bila kusita, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia nami. Achieng alipotoka hakunitazama usoni.

"Amesemaje?"

"Pole, Madam. Amesema nisikuambie."

Nikapandwa na hasira, nikataka kumkumbusha mimi ni nani. Halafu nikakumbuka ni nani aliyemfundisha kutunza siri ya mgonjwa.

Njia nzima Mama alizungumzia bei ya maharagwe. Tulipofika mlangoni ndipo akaniuliza, kama mtu anayeulizia jirani:

"Wale wamama wa utafiti wako, wakichelewa kwenda hospitali, huwa wanapona?"

Nikainama kwenye mkoba, nikajifanya natafuta funguo. Nilikuwa nimezishika mkononi.